Mafaili Yangu Yamehama C

Wiki nzima nimekuwa nahama, ila siyo nyumba. Nimepata laptopu nyingine, na safari hii nimeapa mafaili yangu hayalali C.

Kisa kinaanzia mwaka 2023. Laptopu ya zamani iligoma kuwaka, kiduara kinazunguka tu. Nikampelekea fundi. Kesho yake ananikabidhi huku anatabasamu: "Dada, nimekupigia Windows mpya. Sasa inakimbia kama bodaboda."

Kweli ilikuwa inakimbia. Nikafungua Documents. Nyeupe pee. Desktop, nyeupe pee.

"Kaka, mafaili yangu yako wapi?"

"Kwani ulikuwa umeyaweka C?"

Sikuwa na jibu. Yeye hakuniuliza kabla ya kufuta, nami sikumwambia. Makala niliziokota kwenye baruapepe, maana nilikuwa nimeshawatumia wahariri. Kitu ambacho sikukipata ni saa 1 na dakika 40 za sauti ya mzee mmoja wa Tanga, aliyekata mkonge tangu ujana wake. Gazetini nilitumia nukuu nne tu. Nikampigia simu ili tuzungumze tena. Akapokea binti yake. Mzee alikuwa ameshazikwa.

Tatizo lenyewe ni hili. Windows ikishawekwa, inakufungulia folda yenye jina lako ndani ya C:\Users. Humo ndimo zilimo Desktop, Documents, Pictures na Downloads. Yaani kazi yako inalala chumba kimoja na mpangaji anayefukuzwa kila akisumbua: Windows yenyewe. Siku anayofukuzwa, na godoro lako linatupwa nje.

Dawa ni kuikata diski vipande viwili. Kwanza nakili kila kitu kwenye diski ya nje, usiniambie sikukuonya. Kisha fungua Disk Management, bofya C kwa kitufe cha kulia cha mausi, chagua "Shrink Volume", na nafasi inayobaki uitengenezee patisheni mpya. Mimi yangu nimeiita D.

Ndani ya D tengeneza folda moja moja: Documents, Pictures na nyinginezo. Rudi kwenye Documents ya zamani, bofya kulia, ingia "Properties", halafu "Location", halafu "Move", uonyeshe ile folda mpya. Itakuuliza kama ihamishe na mafaili yaliyomo. Kubali. Kuanzia hapo ukihifadhi kitu Documents, kinakwenda D chenyewe.

Mambo mawili ya kuchunga. La kwanza limenikuta: nilielekeza Documents kwenye D yenyewe badala ya folda iliyo ndani yake, D nzima ikageuka Documents. Jioni yangu yote ikaishia hapo. La pili, usiwe na tamaa ya kuhamisha folda nzima yenye jina lako pamoja na AppData. Programu nyingi zinaitegemea pale ilipo, na Windows inaweza kukataa kupandishwa toleo. Hamisha folda za kazi tu.

Lakini tusidanganyane. D siyo nakala ya akiba. Ni chumba cha pili katika nyumba ile ile. Fundi akifuta C, unapona, mradi umwambie asiguse D. Diski ikifa, au laptopu ikiibwa kwenye daladala, vyumba vyote viwili vinakwenda.

Sauti ya yule mzee siipati tena. Ila Jumapili nilimrekodi bibi yangu kwa dakika 52, akisimulia alivyoolewa. Ipo D. Ipo kwenye diski ya nje. Nyingine ipo kwa dada yangu Morogoro.

Na wewe, zako ziko wapi? Hebu kaangalie kabla hujalala.