Likasi mpaka Lubumbashi, juu ya macho ya yaya

Wengi mliniuliza sokoni mimi na yaya tulikwenda kufanya nini Lubumbashi juma lililopita, na kwa nini yaya alirudi amejifunika kikwembe kichwani mpaka puani kama bibi arusi. Tulikwenda kupimisha macho yake kwa ndani, kule nyuma. Naandika yote hapa, maana kati yetu wenye ugonjwa wa sukari si wachache.

Yaya ni mshonaji, mnamjua. Ana sukari tangu miaka 7, na kila mara munganga wa hapa Likasi alimwambia aende kupimisha retina. Yeye alijibu, "Natia uzi kwenye sindano bila miwani. Macho gani tena ya kupimisha?" Mwaka jana alikwenda mahali fulani, akasomeshwa herufi za ukutani, akaambiwa macho ni mazima, akalipa, akarudi nyumbani na furaha. Lakini kusoma herufi si kupimisha retina. Retina ni ngozi nyembamba iliyotandikwa nyuma ya jicho, ndiyo inayopokea picha na kuituma kwenye ubongo. Sukari ikikaa juu muda mrefu, mishipa midogo ya pale inaoza polepole na kuvuja. Haiumi. Mtu anaweza kuona vizuri kabisa huku nyuma kunaharibika, na siku anapoona ukungu, mara nyingi amechelewa.

Tulitoka saa kumi na moja asubuhi. Mwezi wa saba kwetu ni baridi kweli, na ndani ya busi kila mtu alikuwa amejikunja. Ni kilometa 120 hivi. Kulipokucha tuliona vichuguu vile virefu kuliko nyumba, na magunia ya makala yamepangwa kando ya lami. Kapolowe wamama walikuja dirishani na samaki wao. Nilitaka kununua chakula, yaya akakataa. Nilifikiri anabana pesa.

Kumbe alikuwa amefunga. Alidhani ni kama kupimwa damu, kwamba mtu aende na tumbo tupu, lakini dawa zake za sukari alikuwa amezimeza! Tulipofika hospitali alianza kutokwa na jasho na kutetemeka kwenye benchi. Muuguzi alimchoma kidole, sukari ilikuwa imeshuka chini sana. Akampa chai yenye sukari nyingi, kisha mkate, na kutugombeza wote wawili, mimi zaidi. Basi mjue: kwa kipimo hiki hakuna kufunga. Mle na kumeza dawa kama siku zote.

Alipopata nguvu walianza. Kwanza herufi, jicho moja limefunikwa, kisha lingine. Halafu wakapima presha ya macho. Halafu matone. Yanachoma kidogo kama sabuni, na baadaye unasikia uchungu kooni, msishangae. Kazi yake ni kufungua mboni, ile nukta nyeusi, iwe pana kama mlango wa kanisa ili munganga aone ndani. Tulingoja karibu nusu saa, wakatia tena. Yaya alichukua simu asome ujumbe, akaisogeza mbali, akaileta karibu, akanipa. "Soma wewe."

Ndani ya chumba walizima taa. Aliweka kidevu kwenye mashine, munganga akachungulia. Kisha munganga akavaa taa kichwani, akashika kioo kidogo mbele ya jicho: tazama juu, tazama chini, kushoto, kulia. Mwanga ni mkali mpaka machozi yanatoka, lakini hakuna sindano wala kisu. Yaya, aliyezaa watoto 6, alinibana mkono wangu kama yuko maternite, bure tu. Mwishoni walipiga picha na kutuonyesha. Nyuma ya jicho ni rangi ya mawese, na mishipa imetawanyika kama njia za porini. Kwenye jicho la kushoto kulikuwa na vidoadoa vyekundu. Ni damu iliyovuja.

Yaya alinyamaza. Ndiye jicho lake la sindano.

Munganga alisema bado ni mwanzo, laser haihitajiki sasa. Ashushe sukari na presha, arudi baada ya miezi 6. Alieleza pia kwamba laser inazuia ubaya usiendelee, ila kilichokwisha kupotea kwa kawaida hairudishi. Na kwamba mtu mzima akigunduliwa sukari apimishe retina mara moja, kisha kila mwaka. Mama mwenye sukari akishika mimba asingoje, aende miezi ya kwanza kabisa, maana mimba inaharakisha mambo.

Kutoka nje ndipo kulikuwa na mateso. Jua la Lubumbashi saa nane, na mboni ziko wazi! Bomba la Gécamines na mlima wake mweusi, yaya alisema anaona moshi tu. Kofia hatukuleta, miwani ya jua hatukuleta, ndiyo hadithi ya kikwembe. Noti hakuweza kuzitambua, nililipa mimi. Asiye na mtu wa kumsindikiza atafute, na asiendeshe moto siku hiyo. Muulize pia bei kabla: sisi tuliambiwa bei ya munganga, ile ya picha ikaja nyuma.

Ukungu ulimtoka usiku. Walituonya kwamba jicho likiuma sana, likawa jekundu na kichefuchefu juu yake, turudi siku ileile. Kwake halikuuma. Kapolowe wakati wa kurudi alinunua samaki kwa kunusa, na alichagua vizuri kuliko mimi.

Asubuhi yake nilimkuta kwenye mashine, sindano imeshatiwa uzi. Kwenye kalenda ya parokia alikuwa amezungusha mwezi wa kwanza kwa chaki yake ya kushonea. Aliniuliza kama busi ya saa kumi na moja inakuwapo na siku za mvua.