Maganda ya Ndizi Winson Green

Winson Green hujulikana zaidi kwa gereza lake, lililofunguliwa mwaka 1849, kuliko kwa jambo jingine lolote. Wachache hukumbuka kwamba mwendo mfupi kutoka hapo, kwenye karakana za Soho za Boulton na Watt, William Murdoch aliwasha taa za gesi mwaka 1802, na wakazi wa Birmingham wakatoka kutazama moto usio na utambi. Gesi ile ilitokana na makaa ya mawe. Mwishoni mwa karne hiyo Joseph Webb, wa mji huohuo, alibuni taa ya barabarani iliyofyonza hewa ya mifereji ya majitaka. Wapo wanaosimulia hadi leo kwamba iliwaka kwa uvundo mtupu. Kwa kweli iliwaka hasa kwa gesi ya kawaida ya mji. Uvundo ulikuwa abiria tu.

Machi 2025 wazoataka wa Birmingham waligoma kabisa, na kabla mwezi haujaisha halmashauri ikatangaza hali ya dharura. Katika mitaa ya nyumba za matofali zilizobanana, mifuko myeusi ilirundikana mbele ya milango na panya wakanenepa. Mwanamke mmoja mzaliwa wa Muheza, aliyepanga ghorofa ya juu, alianza kugandisha vichwa vya samaki kwenye friji ili visinuke. Maganda ya ndizi hayakupata nafasi humo. Jirani akapita akinung'unika juu ya uchafu wa watu wa kuja, ingawa mifuko yake mwenyewe ilikuwa imepasuka siku mbili kabla.

Kilichomuuma si neno lile pekee. Kwao, baba yake alikuwa na mtambo wa samadi nyuma ya zizi, na chai ya asubuhi ilichemshwa kwa kinyesi cha ng'ombe wawili.

"Nyumbani hii ni kuni," alimwambia bintiye.

"Ndiyo, mama, lakini hapa haina pa kwenda."

Binti hakukosea sana. Siri ya mtambo ni nyepesi: taka inayooza ikifungiwa pasipo hewa, vijidudu huila na kutoa methani, na tope linalobaki hurutubisha shamba. Huko Hale, mkoani Tanga, kampuni ya Katani ilijenga mtambo wa kilowati 150 unaotumia mabaki ya mkonge. Nyuzi ni sehemu ndogo mno ya jani la mkonge, yapata asilimia nne. Kwa miongo mingi sehemu iliyobaki ilitupwa ikaoza.

Birmingham nayo haikosi ujuzi huo. Kituo cha Minworth huozesha tope la majitaka ya mji, na tangu 2014 husafisha gesi yake na kuiingiza katika mabomba ya taifa. Lakini maganda ya jikoni, yakichanganywa na taka nyingine, hupelekwa kwenye tanuri la Tyseley, lililoanza kazi katika miaka ya 1990, yakachomwa ili kuzalisha umeme. Ganda bichi limejaa maji, na sehemu ya moto hupotea kwa kuyakausha. Hivyo ndizi iliyoliwa huishia kuwa gesi, na ganda lake huishia kuwa majivu. Ni mgawanyo wa kuchekesha kwa mji uliojivunia kutopoteza chochote cha kiwandani.

Sheria ya Uingereza iliziagiza halmashauri zianze kukusanya makombo ya chakula kila wiki ifikapo 31 Machi 2026. Agizo hilo ni jema, ila liliandikwa kana kwamba kila familia ina jiko lake na ua wake. Katika nyumba yenye wapangaji sita na korido moja, ndoo ya makombo ni ya nani? Mwanamke yule wa Muheza alikuwa na swali jingine, aliloliuliza huku akifunga mfuko wa tatu: atakayekuja kuichukua ndoo hiyo atalipwa kiasi gani?