Masizi Chini ya Rangi Nyeupe

Kaka zetu mliomaliza shule, bila shaka mnawakumbuka wale korongo wadogo wa mbao tuliowauza Siku ya Wanafunzi wa Zamani. Wengi mliwasifu. Leo nataka kueleza habari yao, ingawa mimi mwenyewe hainipi sifa.

Plaiwudi ilikatwa mjini kwa mashine ya leza. Mwanga wa leza hukata kwa kuunguza, kwa hiyo kingo za kila kipande hutoka nyeusi, zimejaa masizi. Kazi yetu sisi wa karakana ilikuwa kuwapaka rangi korongo 60: taji la dhahabu, shavu jeupe na koo jekundu, mfano wa ndege aliye katika bendera ya Uganda. Fedha zilikuwa za kununulia vitabu vya maktaba.

Bruda alitufundisha hivi: kwanza futa masizi kwa kitambaa chenye maji kidogo, uache kipande kikauke. Maji husimamisha nyuzi za mbao, basi piga msasa laini, namba 220, ukifuata nyuzi. Kisha paka vanishi nyembamba, nayo ikauke. Ndipo upake rangi, nyepesi mara mbili au tatu, wala si nzito mara moja.

Mimi nilikuwa kiongozi wa karakana. Jioni moja nilikuwa na haraka ya kwenda mpirani. Sikufuta, sikupiga msasa. Nikawapaka korongo 24 rangi nyeupe juu ya masizi. Nikamwachia mdogo wetu wa kidato cha kwanza kazi ya kuosha brashi, nikaenda zangu.

Asubuhi mashavu yote yalikuwa ya kijivu kama maji ya kuoshea sufuria. Bruda akauliza ni nani aliyepaka. Wote wakamtazama yule mdogo, kwa kuwa ndiye aliyetoka mwisho. Yeye akanitazama mimi, asiseme neno. Nami nikanyamaza. Akaondolewa karakana.

Usiku ule sikupata usingizi. Kila nilipofumba macho niliyaona macho yake. Kabla ya kengele ya sala nikaenda kwa Bruda, nikamweleza yote. Akasema, "Umeniambia mimi. Sasa kamwambie yeye."

Nikamwomba radhi mbele ya wenzetu. Akajibu, "Yamekwisha, kaka. Lete msasa."

Tulikwangua siku mbili. Korongo 17 walipona. 7 walivunjika miguu, maana plaiwudi ya milimita 3 haivumilii mkono mzito. Mashavu yote yaliyobaki aliyapaka yeye, nami nikamshikia kopo la rangi.

Mmoja wa wale 7 yumo katika dawati langu hata sasa. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humwumbua. Ninyi mtakaoshika brashi baada yetu, futeni masizi kwanza.