Betri ya Ami

Kwetu ni Somanga, Wilaya ya Kilwa. Ndipo bomba la gesi ya Songo Songo linapopanda pwani tangu mwaka 2004, na kila mtoto wa kwetu ajua kwamba gesi na moto havikai pamoja. Nisilolijua ni kwamba betri nayo hutoa gesi.

Likizo ya Desemba nilimkuta ami yangu amenunua betri ya gari ya volti 12, ya namna iliyofungwa, isiyo na vizibo vya kutilia maji. Aliitumia kuwashia taa za kuvulia dagaa nyakati za giza. Jioni moja akaniambia, "Mwanangu, wewe ndiwe msomi wetu. Nichajie betri, kesho usiku naingia baharini."

Nilijiona mkubwa. Nikaazima chaja kuukuu kwa jirani, nikaiweka betri chumbani kwa bibi, nikafunga dirisha kwa ajili ya mbu, nikaenda kulala.

Alfajiri niliamshwa na harufu kama ya mayai viza. Nikaenda mbio. Betri ilikuwa ya moto, ubavu umevimba. Bibi amekwisha kuamka, kiberiti mkononi, ataka kuwasha makaa ya chetezo. "Bibi, usiwashe!" nikapiga kelele, bila hata shikamoo. Nikazima umeme ukutani, nikafungua mlango na dirisha, nikamtoa nje. Vibanio sikuvigusa mpaka betri ilipopoa.

Betri ilikufa. Usiku ule wenzake ami walikwenda kuvua, yeye akabaki. Nilitaka kusema kwamba ilikuwa mbovu tangu dukani, lakini ulimi ulikataa, nikamweleza yote. Akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Betri itanunuliwa. Mama hanunuliwi."

Niliporudi shuleni nilimwuliza mwalimu wa fizikia. Akanifahamisha kwamba betri ikishajaa, umeme unaozidi huyagawa maji yaliyomo yakawa haidrojeni na oksijeni. Betri ya vizibo huongezwa maji. Iliyofungwa haiongezwi, hivyo huharibika. Na haidrojeni ikifika sehemu 4 katika 100 za hewa, cheche moja yatosha.

Basi wenzangu, shikeni haya. Tumieni chaja inayojizuia yenyewe, isiyopita volti 14.4 hivi. Ampea zisizidi sehemu ya kumi ya ukubwa wa betri: betri ya ampea-saa 50 itiwe ampea 5. Iwekeni penye upepo, mbali na jiko na sigara, wala si chumba cha kulala. Fungeni vibanio kwanza, chekundu penye alama ya kujumlisha, ndipo muwashe umeme. Mkimaliza, zimeni umeme kwanza. Ikipata moto au ikivimba, acheni. Wala msiibandue kifuniko.

Ami sasa ana betri nyingine, nami kila likizo humsaidia kuanika dagaa. Jioni ile ningeweza kumwuliza fundi, lakini niliona haya, kwa kuwa nimeitwa msomi. Wazee walisema kweli: kuuliza si ujinga.