Askari ni Mwana wa Watu, Vita ni Shauri la Wakubwa

Wahenga walinena kwamba uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Neno hili hutamkwa sana mtoto anapougua, lakini huwa zito zaidi anapoitwa vitani. Na huzidi kuwa zito ikiwa mzazi mwenyewe haviamini vita vile. Hapo ndipo mtu huiona nafsi yake imegawanyika. Sehemu moja humwombea askari ashinde na arudi salama. Sehemu ya pili husema kwamba haikufaa apelekwe hata kidogo. Wengi hudhani kuwa mwenye mawazo hayo mawili ni mnafiki, au ni mwoga asiyejua upande wake. Yafaa jambo hili lichunguzwe taratibu, maana limevunja nyumba nyingi.

Nchi moja iliyoonja shida hii ni Marekani, wakati wa vita vya Vietnam. Majeshi yake ya kwanza ya kupigana nchi kavu yalishuka pwani ya Da Nang mwezi wa Machi, 1965. Kufika mwaka wa 1969, askari waliokuwa kule walizidi 500,000. Wengi walikuwa vijana, na wengi miongoni mwao waliitwa kwa sheria wala si kwa hiari. Kijana aliyekuwa akisoma chuo kikuu aliweza kuahirishiwa mwito huo. Mwana wa maskini asiyekuwa na karo ya chuo hakuwa na kinga hiyo. Basi tangu mwanzo mzigo haukugawanywa sawasawa, na hiyo ilikuwa mbegu moja ya ugomvi.

Na awazwe mkulima mmoja wa mahindi katika jimbo la Iowa. Jina lake halina kazi hapa, kwa kuwa wazazi wa namna yake walikuwa maelfu. Mwanawe, aliyekuwa fundi wa magari mjini, aliitwa akapelekwa Vietnam kwa muda wa mwaka mmoja, kama ilivyokuwa desturi ya jeshi. Binti yake alikuwa chuoni, naye alikuwamo katika maandamano. Mkulima huyu mwenyewe alikuwa amepigana katika vita vikuu vilivyokwisha mwaka wa 1945, na kwa muda mrefu aliamini kwamba Serikali ikisema vita ni vya haki, basi ni vya haki. Walakini mwanzoni mwa mwaka wa 1968, katika siku za sikukuu ya Tet, adui alishambulia miji mingi ya Vietnam ya Kusini kwa mara moja, ilhali wakubwa walikuwa wamekwisha kuwaambia raia kwamba mambo yanakwenda vizuri. Tangu siku hizo imani ya mzee ilianza kupasuka.

Jioni, kazi ya shamba ilipokwisha, alikaa mbele ya televisheni akitazama mambo mawili yasiyopatana: misitu ambamo mwanawe alikuwa, na barabara za miji ambamo binti yake aliandamana. Mwezi wa Novemba, 1969, mamia ya maelfu ya watu walikusanyika Washington. Kabla ya siku kuu ya mkutano, watu zaidi ya 40,000 walipita mmoja mmoja mbele ya nyumba ya Rais, kila mmoja amechukua kibao chenye jina la askari aliyekufa, au la kijiji cha Vietnam kilichoharibiwa. Hata mwisho vibao vile viliwekwa ndani ya majeneza. Mzee alipoona hayo alivua kofia, akanyamaza. Lakini katika siku nyingine aliona vijana waliochoma bendera ya nchi yao, na wengine waliopeperusha bendera ya wale waliokuwa wakimpiga mwanawe risasi. Hapo moyo wake uliwaka. Alikubaliana na waandamanaji kwamba vita vikome, lakini hakukubali hata kidogo namna ile ya kuvipinga.

Wala upande wa pili haukumpendeza. Tarehe 4 Mei, 1970, katika chuo kikuu cha Kent State, Ohio, askari wa akiba waliwapiga risasi wanafunzi wakati wa maandamano. Wanne wakafa na 9 wakajeruhiwa. Siku nne baadaye, huko New York, mafundi wa ujenzi waliwashambulia na kuwapiga vijana waliokuwa wakiwaomboleza wenzao. Mafundi wale walijiona wanawatetea askari. Lakini mzee alijiuliza: je, ikiwa mwanangu anapigana ili watu wawe huru, mbona kumpenda yeye kumekuwa sababu ya kumvunja kichwa dada yake?

Basi katika mwaka huo ilifika barua kutoka Vietnam. Kijana aliandika habari za mvua, na za rafiki aliyekufa, mwisho akauliza swali moja: “Baba, watu wa nyumbani wako upande gani?”

Mzee alikaa na barua ile usiku tatu. Angaliweza kumdanganya kwamba nchi nzima i pamoja naye na vita vinakwenda vyema. Lakini kijana alikuwa akiviona vita kwa macho yake, na uongo wa baba ungalimwacha peke yake zaidi. Angaliweza pia kumwaga mashaka yake yote katika karatasi. Lakini mtu aliye mahali ambapo kusita kidogo ni kufa hafai kutwikwa mzigo wa mabishano ya watu walio nyumbani wakinywa kahawa. Mwishoni aliandika maneno machache. Alisema kwamba yeye haoni tena sababu ya vita vile, na ya kuwa amekwisha kumwandikia mjumbe wake wa Bunge kumwambia hivyo. Kwamba shauri hilo ni kazi yake yeye baba na raia wenziwe. Kwamba kazi ya kijana ni kuwalinda wenzake, kutowadhuru wasio na silaha, na kurudi. Na kwamba kitanda chake kimetandikwa.

Katika barua hiyo fupi mna jibu la neno lililowatatiza watu wengi. Askari hachagui vita. Anayechagua ni mtawala, na katika nchi yenye kura mtawala huchaguliwa na raia. Kwa hiyo raia akinyamaza ati kwa sababu ya kumheshimu askari, amemwacha askari bila msemaji, maana yeye mwenyewe amefungwa na kiapo. Na raia akimlaumu askari kwa shauri la wakubwa, amempiga mtumwa kwa kosa la bwana. Martin Luther King alilifahamu jambo hili. Tarehe 4 Aprili, 1967, katika kanisa la Riverside, New York, alivipinga vita waziwazi, na katika hotuba ile ile aliwasikitikia askari wa nchi yake pamoja na wakulima wa Vietnam. Wengi walimkasirikia, hata baadhi ya marafiki zake. Walakini hakuona kwamba huruma kwa hawa ni uhaini kwa wale.

Hata hivyo heshima kwa askari isigeuzwe kuwa pazia la kufunika uovu. Tarehe 16 Machi, 1968, kikosi kimoja cha Marekani kiliua mamia ya wanakijiji wasio na silaha mahali paitwapo My Lai, wanawake na watoto wakiwamo. Aliyewazuia pia alikuwa askari. Rubani Hugh Thompson aliishusha helikopta yake kati ya wanakijiji waliosalia na askari waliokuwa wakiwafuata, akawaamuru watu wake wawaelekezee bunduki Wamarekani wenziwe endapo wangeendelea kuua, akawaokoa wachache. Alipotoa ushahidi, wako waliomwita msaliti. Nishani aliyostahili kwa tendo hilo ilimfikia mwaka wa 1998, baada ya miaka 30. Basi anayesema “nawapenda askari” na ajiulize ni askari yupi anayempenda: yule aliyeua, au yule aliyejiweka kati. Na asisahau kwamba waliokufa katika vita vile hawakuwa wa upande mmoja tu. Wamarekani walikuwa zaidi ya 58,000; Wavietnamu walizidi milioni moja, na kila mmoja wao alikuwa na mzazi.

Kijana wa Iowa alirudi. Hakurudi na kikosi chake kwa ngoma na bendera; walirudi mmoja mmoja kwa ndege, muda wa kila mtu ulipotimia. Ilidhaniwa kwamba angeungana na dada yake, au na majirani waliompigia makofi kanisani. Hakuungana na upande wowote. Aliwakasirikia wenziwe dada yake, waliozungumza habari za Vietnam kana kwamba wameiona. Aliwakasirikia majirani pia, kwa kuwa walimshika mkono na kumwita shujaa, kisha wakageukia habari za bei ya mahindi. Usiku hakulala. Siku moja alisema mezani kwamba tangu alipofika wamemsifu watu wengi na kumlaumu wachache, lakini hapana aliyemwuliza aliona nini. Dada yake aliweka kijiko chini, akamwuliza. Mazungumzo yale yaliendelea hata jogoo wa kwanza. Hawakupatana juu ya vita, na baba hakupatana na yeyote kati yao kwa kila jambo. Lakini tangu siku hiyo hawakuacha tena kula meza moja.

Yaliyompata kijana huyo yaliwapata wengi. Maradhi ya roho yatokanayo na vita yalipewa jina na kuandikwa rasmi katika orodha ya waganga wa akili wa Marekani mwaka wa 1980 tu. Waliodhurika kwa dawa ya sumu iliyonyunyizwa kukausha misitu walingoja hata mwaka wa 1991 kupata sheria ya kuwasaidia. Walioshangilia na walioandamana, wote kwa sehemu kubwa walikuwa wamekwisha kwenda zao. Jan Scruggs, aliyejeruhiwa katika vita vile, ndiye aliyeanzisha mchango wa fedha kwa raia ili ijengwe kumbukumbu. Mchoro uliochaguliwa ulikuwa wa Maya Lin, msichana mwanafunzi wa miaka 21: kuta mbili za jiwe jeusi linalong'aa, zenye majina ya waliokufa, kwa taratibu ya siku walizokufa. Zilizinduliwa Washington mwezi wa Novemba, 1982. Hazisemi kwamba vita vilikuwa vyema, wala kwamba vilikuwa vibaya. Aliyevitaka na aliyevipinga husimama pale pamoja, na kila mmoja huona uso wake ndani ya jiwe, katikati ya majina.

Kizazi kilichofuata kilijifunza kidogo. Tarehe 2 Oktoba, 2002, huko Chicago, Barack Obama, ambaye baba yake alikuwa mtu wa Nyanza, Kenya, alisimama akavipinga vita vya Iraki kabla havijaanza, akieleza kwamba hapingi vita vyote. Alipokuwa Rais, askari wa mwisho wa vita vile waliondolewa Desemba 2011. Na Aprili mwaka huo huo mke wake, Michelle, pamoja na Jill Biden, walikuwa wameanzisha mpango wa kuzisaidia jamaa za askari kupata kazi, masomo na matibabu. Mtu aweza kuvikataa vita na bado akalitimiza deni.

Msomaji mwenye ndugu jeshini anafahamu kwamba jambo hili si la Marekani peke yake. Ulimi hauna mfupa; kusema “nampenda askari” ni rahisi, na kusema “nachukia vita” ni rahisi vile vile. Kazi ni kuyafanya yote mawili: kumwambia mtawala kweli kabla ya askari kuondoka, kumwandikia askari akiwa mbali, na akirudi kumwekea kiti, kisha kumwuliza aliona nini, na kukaa hata amalize.