Mpira Umegusa Mstari au Haukugusa? Watu wa Klabu ya Tenisi Kigali



Ndugu wasomaji, wazazi na wanafunzi wapenzi, baadhi yenu mmeniuliza ustadhi wa madrasa anatafuta nini kwenye kiwanja cha tenisi. Jibu ni fupi. Daktari aliniambia nitoe jasho angalau mara mbili kwa wiki, magoti yangu hayakubali tena mpira wa miguu wa Nyamirambo, na jirani yangu alinipa raketi yake ya zamani. Nilikwenda kutafuta afya, nikakuta watu, na watu hao ndio hunirudisha kila Jumamosi baada ya Alasiri.

Hapa Kigali klabu za tenisi zinahesabika. Ipo Cercle Sportif kule Rugunga, chini ya Kiyovu. Ipo ya Nyarutarama. Vipo viwanja vya Kicukiro, katika eneo la chuo cha IPRC, ambako mwaka 2024 yalifanyika kwa mara ya kwanza nchini Rwanda mashindano ya kulipwa ya ngazi ya Challenger. Wiki ya kwanza alishinda Kamil Majchrzak wa Poland, na wiki ya pili Marco Trungelliti wa Argentina. Klabu ninayocheza mimi sitaitaja, maana nataka kuwasimulia habari za watu wake, na siri ya mtu ni amana.

Kwanza yupo Mzee. Umri wake umepita miaka 70, na alijifunza mchezo huu akiwa mtoto anayewaokotea wageni mipira. Mzee hakimbii. Husimama katikati, akaupeleka mpira pale ambapo wewe haupo. Vijana wenye misuli hutoka uwanjani wakihema, naye anauliza kama chai imeshaiva.

Yupo Bwana Vifaa. Huja na mkoba mkubwa kama wa msafiri wa Hija: raketi nne, taulo tatu, kofia mbili, dawa ya misuli. Akimaliza kupanga vitu vyake vyote, saa yake ya uwanja imebaki nusu.

Yupo Mlalamishi. Akishindwa, kosa ni la jua, upepo, kamba za raketi, au mipira. Siku moja alisema Kigali iko juu mno kutoka usawa wa bahari. Tukacheka, lakini kwa hilo hakukosea. Mji wetu uko kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi, hewa ni nyepesi na mpira huruka mbali zaidi. Shirikisho la Tenisi la Kimataifa lina hata aina ya mipira ya sehemu zilizo juu ya mita 1,219. Tatizo ni kwamba sisi sote tunacheza katika hewa hiyohiyo.

Yupo dada mmoja anayecheza na mtandio wake na mikono mirefu, asubuhi mapema kabla ya kwenda kazini. Mwanzoni walikuwepo waliomtazama kwa mshangao. Siku hizi wanatazama mkwaju wake wa kushoto, na wengi wanaogopa kupangwa naye.

Na yupo Bosi. Kila klabu ina wake. Ni mtu mkarimu, hununulia watu soda, hulipa ada za shule za watoto asiowazaa. Ila hapendi kushindwa, na wengi wanaocheza naye wana haja naye.

Sasa wanafunzi wangu, sikilizeni kanuni moja ya mchezo huu. Kwenye mashindano makubwa kuna waamuzi, na siku hizi kuna mitambo. Mwaka 2025 Wimbledon iliwaondoa waamuzi wa mistari na kazi yao ikafanywa na kamera. Kwetu hakuna kamera wala mwamuzi. Mpira ukianguka upande wako, wewe ndiye unayesema umeingia au umetoka. Ukigusa mstari hata kidogo, umeingia. Ukiwa na shaka, haki ni ya mwenzako. Yaani mtu anafanywa hakimu katika kesi yake mwenyewe. Mimi nimesomesha mlango wa amana miaka mingi, na sijaona mtihani ulio wazi kama huo. Hapo ndipo Mzee, Mlalamishi na Bosi hujulikana walivyo.

Jumamosi moja Bosi alikuwa akicheza na kijana anayetafuta kazi. Walikuwa sawa, na mpira wa kijana ukaanguka nyuma kabisa, karibu na mstari. Bosi akasema umetoka. Kijana akanyamaza. Sisi tuliokaa pembeni tukatazamana. Bosi alipoona kimya kile, akamgeukia mtoto anayeokota mipira, kijana wa miaka kama 14 hivi, akamwuliza, "Wewe si umeona?"

Mtoto yule siku zote hupewa pesa na Bosi mwenyewe. Alisimama kidogo na mipira miwili mkononi. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Umegusa, Bosi." Akaenda mpaka nyuma ya uwanja akainama, akaonyesha kwa kidole. Viwanja vyetu ni vya udongo mwekundu, na mpira huacha alama. Alama ilikuwa imelalia mstari.

Bosi alitoa pointi ile, akashindwa seti ile. Alipomaliza aliondoka bila kumlipa mtoto, na Mzee akamlipa bila kusema neno. Wiki iliyofuata Bosi aliomba mwokota mipira mwingine, na iliyofuata pia. Mtoto akakaa kwenye ukuta akiwatazama wenzake wakifanya kazi.

Mtoto huyo hasomi kwenye madrasa yangu, na dini yake sikumwuliza. Lakini darasa la Jumapili niliwasimulia wanafunzi wangu kisa chake. Mmoja akanyosha mkono: "Ustadhi, na kama angefukuzwa kabisa?" Swali hilo ni zito, maana watoto wetu wengi wanajua thamani ya kibarua nyumbani. Nikamjibu, "Huenda angefukuzwa. Na mpira ungekuwa bado umegusa mstari." Sikutaka kumwambia kwamba msema kweli hulipwa hapohapo. Mara nyingine hukatwa mshahara kwanza.

Nikawakumbusha pia kisa alichopokea Bukhari cha ngamia wa Mtume, rehema na amani ziwe juu yake, aliyeitwa Al-Adhbaa. Ngamia huyo alikuwa hashindwi mbio, mpaka bedui mmoja akaja na ngamia wake akamshinda. Masahaba waliona uzito sana. Mtume hakutafuta sababu. Aliwafundisha kuwa hakuna kitu cha dunia kinachopanda ila Mwenyezi Mungu hukishusha. Kama kushindwa kulimfika ngamia wa Mtume, Bosi wetu naye asione ajabu.

Mtoto yule sasa anafanya kazi, Alhamdulillah, ingawa Bosi hajamwita tena. Wanaomwita ni wengine. Watu wakianza kubishana kuhusu mpira hata kwenye kiwanja cha pili, utasikia sauti: "Mwiteni yule mdogo." Wazee wazima, wenye magari na vyeo, husimama kumsubiri aje aangalie udongo. Mzee ameanza kumfundisha kushika raketi, na makocha wengi wa klabu zetu walianza hivyohivyo, kwa kuokota mipira.

Wazazi, msiwazuie watoto wenu michezo yenye adabu, wavulana na wasichana, maadamu swala haipotei. Magharibi ya Kigali huingia karibu na saa kumi na mbili jioni mwaka mzima, hakuna sababu ya kuchelewa. Ila mtoto akirudi nyumbani, kabla ya kumwuliza kama ameshinda, mwulizeni mipira iliyoanguka karibu na mstari aliisemaje.

Wabillahi tawfiiq.