Bega la Mama

Mwaka 2019, siku chache kabla ya Ramadhani, mama yangu aliteleza uani kwetu Tanga, akaangukia mkono wa kulia. Alikuwa na miaka 74. Picha ya eksirei ilionyesha mfupa wa mkono umevunjika juu kabisa, karibu na pale unapoingia begani, na vipande vimeachana.

Katika hospitali ya kwanza tuliambiwa neno moja tu: apasuliwe, atiwe bamba la chuma na skrubu. Nilikubali palepale. Fedha sikuwa nazo, lakini nilikuwa na kiwanja, nikaanza kukitafutia mnunuzi. Na kusema kweli, msomaji, nilitaka kukiuza. Nilitaka watu waone kwamba mwana amemhangaikia mama yake. Kumfunga mgonjwa kitambaa shingoni na kumrudisha nyumbani niliona ni kumtelekeza.

Mama ndiye aliyekataa kisu mpaka asikie kauli ya daktari wa pili. Huyu aliitazama picha kwa muda mrefu, kisha akanieleza juu ya utafiti wa Uingereza uliotangazwa mwaka 2015. Walichukuliwa watu 250 kutoka hospitali 32, umri wao kwa wastani miaka 66, wote wamevunjika mahali hapo na mfupa umehama. Nusu walipangiwa kupasuliwa, nusu kufungwa kitambaa. Kwa miaka miwili wakawa wanaulizwa habari za maumivu na kazi za mkono. Haikuonekana tofauti ya maana.

"Lakini bega lingekuwa limechomoka, au mfupa umetoboa ngozi, nisingekuambia haya," akaongeza. "Na mifupa ya uzeeni huwa laini, skrubu haishiki vizuri kila mara."

Nikamgeukia mama.

"Mwanangu, kiwanja wajengee wanao," akasema. "Mimi nifungeni kitambaa."

Wiki za kwanza alilala ameketi, mito mgongoni. Damu ilivilia mpaka kwenye kiwiko, mkono ukawa mweusi, nami nikajilaumu kila nilipoutazama. Kisha yakaja mazoezi. Kwanza ainame, mkono uning'inie, auzungushe taratibu. Baadaye vidole vipande ukutani, kimoja kimoja. Nilichora kwa mkaa pale vilipofika. Siku nyingine alama ilikuwa chini ya ile ya jana. Mama alikuwa akitokwa na machozi bila sauti, nami nikitoka nje kama mtu aliyeitwa.

Mkono haukurudi wote. Anakuna nazi, anajifunga ushungi mwenyewe, lakini rafu ya juu haifikii. Wakati mwingine nawaza kama chuma kingemfikisha juu zaidi. Wale walikuwa watu 250. Mama yangu ni mmoja.

Kamba ya kuanikia nguo nimeishusha kiasi cha shubiri mbili. Zile alama za mkaa hataki zipakwe chokaa.